Vidokezo 14 vya kuuza duka dogo, na kuishi na walionuna ndani yake

Ukitaka kujifunza masoko, si lazima uanzie chuoni. Kaa kibarazani Magomeni au Temeke saa kumi jioni, ufumbe macho. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe. Mpaka rangi za kucha anagonganisha vichupa vyake. Yule wa karanga, pipi na sigara anachezesha sarafu kiganjani, na mng'arisha viatu anagonga sanduku kwa mgongo wa brashi. Hakuna aliyefungua mdomo, na wewe umeshajua nani kapita na anauza nini.

Watu hawa wanaikanusha kila siku ile methali tuliyolelewa nayo, kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Huenda iliwafaa wenye duka moja kijijini. Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, na kwenye barabara moja ya Sinza unaweza kusukwa, kushonewa na kulishwa chipsi bila kuvuka upande wa pili. Kizuri kisichojitembeza hapo kitaingia vumbi kwenye rafu.

Ila muuza kahawa ana raha moja: ni bosi na mfanyakazi wa nafsi yake. Wewe ukishaajiri watu wawili, tangazo lako kubwa ni uso wa yule anayepokea mteja wakati umekwenda Kariakoo kuchukua mzigo. Bango na picha za Instagram vinakuja baada ya uso huo. Ndiyo maana humu nimechanganya mambo ya masoko na kero za kazini makusudi. Kwenye biashara ya watu watatu hiyo ni kazi moja.

1. Jua mtaa unakuitaje

Jina la kwenye kibao ulilichagua mwenyewe. Jina linaloleta wateja ni lile ambalo watu wanalitumia kuelekezana: "Nenda kwa yule mama wa chapati laini." "Mpelekee fundi anayemaliza siku aliyosema." Waulize wateja wako watano wa kudumu wangekuelekezaje kwa mgeni. Wakisema "pale jirani na kijiwe cha bodaboda", basi una anwani tu, sifa bado.

Chagua sifa moja uipiganie. Fundi anayeahidi bei nafuu, mshono wa kisasa, uaminifu na haraka, vyote kwenye kibao kimoja, haaminiki kwa lolote. Anayesema "nguo yako Ijumaa saa nane, ikichelewa hulipi ushonaji" atatajwa mpaka kwenye vikao vya harusi. Na kama hujawahi kukutana na fundi wa namna hiyo, basi ujue nafasi yake sokoni bado iko wazi.

2. Tia alama, Abdulla alishakuonyesha

Kaderdina Hajee Essak alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa, biashara yake ikihesabiwa tangu 1887, na watu walimjua kwa jina la Abdulla. Kanga za wafanyabiashara wengine zilikuwepo, na pamba ni pamba. Zake zilitiwa herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Aliyeivaa alimtangaza, aliyetembea nyuma yake akasoma, na mpaka leo jina hilo halikosi kutajwa zinapotajwa kanga za pwani. Wavaaji wenyewe walimtembezea jina.

Basi fundi ashone kijitambaa chenye jina na namba ya simu ndani ya kola. Mwoka keki abandike stika kwenye boksi lenyewe, si kwenye mfuko utakaotupwa mlangoni. Anayetengeneza achari aandike kwenye chupa, maana chupa itakaa mezani wiki tatu ikisomwa na kila anayekuja kula.

Ukishapata jina, lisajili. Tanzania Bara kazi hiyo ni ya BRELA na maombi yanafanyika mtandaoni. Zanzibar ni BPRA. Angalizo: jina la biashara na alama ya biashara ni usajili wa aina mbili. Wengi wanafanya ule wa kwanza wakadhani wamelinda na alama.

3. Andika bei

"Bei njoo DM." Sijui nani aliyetuanzishia ugonjwa huu. Picha nzuri ya gauni, mwanga mzuri, dada kapendeza, halafu chini yake hakuna bei, kuna mwaliko wa kwenda faraghani kuuliziwa hali.

Sababu za wauzaji nazijua. Wengine wanaogopa mshindani ataona. Wengine wanataka kwanza kumpima mteja kwa picha yake ya wasifu, kisha wamtajie bei inayolingana na miwani aliyovaa. Mteja naye anajua kwamba anapimwa, na ana hofu yake: akiuliza bei kisha ikamshinda, ameshaonekana. Kariakoo anaitwa "karibu dada, kuangalia bure", akiangalia akashindwa anajipitia zake, na nani anamjua? Kwenye simu, kuuliza kunabaki kumeandikwa. Kwa hiyo wengi hawaulizi, wanapita, nawe unabaki kusema hali ni ngumu.

Kama bei inategemea saizi au kitambaa, andika "kuanzia". Kama inapatana, andika kwamba inapatana. Mshindani ataiona, ndiyo. Alishaiona, alimtuma mdogo wake.

4. Namba ya simu iwe ya duka

Laini ya duka isajiliwe kwa jina lako au la biashara, na simu yake ilale dukani au kwako. Kwenye simu hiyo weka WhatsApp Business, ile iliyotoka 2018. Ni bure, na inakupa mahali pa kupanga bidhaa pamoja na bei, saa za kufungua na mahali ulipo.

Kuna jambo dogo ambalo wengi wanalikosa. Ule ujumbe mmoja unaotumwa kwa watu wengi kwa orodha, ambao unaweza kufika watu 256, unampata yule tu aliyehifadhi namba yako. Stetasi nayo ni hivyo hivyo. Ukiwa na namba 400 za wateja na wao hawana yako, unaongea peke yako. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayekaa kaunta ni kumwambia mteja anapolipa: "Nihifadhi hapo, uandike na tunachouza ili usinisahau." Inachukua nusu dakika.

Stetasi zisizidi tano kwa siku. Zikiwa thelathini, vile vistari vya juu vinageuka vidoti na mtu anazipita zote kwa kidole kimoja, pamoja na ile nzuri iliyokuwa katikati.

Na kabla hujarusha picha ya mteja aliyesukwa akapendeza, muombe ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata kama isingekuwepo, huenda mwenzio kazini kwao wanajua leo anaumwa.

5. Jipigie simu

Mtafute rafiki ambaye sauti yake haijulikani dukani kwako, apige akiulizia bidhaa, wewe ukisikiliza pembeni. Utasikia moja ya hizi: "Haloo, nani?" "Hamna." "Mwenyewe hayupo." Sentensi hizo fupi zimefukuza wateja wengi kuliko ubovu wa bidhaa.

Jibu linalouza ni hili: "Karibu. Hicho kimeisha, kinaingia Alhamisi. Nikuwekee kimoja?" Liandike, libandike karibu na simu. Ukiona hata baada ya kulibandika mtu bado anajibu "hamna" kisha anakata, umefika kwenye sehemu ngumu ya makala haya.

6. Kabla hujasema ana roho mbaya, angalia tarehe uliyomlipa

Wahamasishaji wametuletea msemo wa "watu hasi", na wenye biashara wameupokea kwa mikono miwili. Siku hizi kila anayedai chake ni mtu hasi. Anayeuliza overtaimu ni mtu hasi. Anayesema feni imeharibika tangu mwezi uliopita, huyo ndiye hasi kabisa, aepukwe asije akatuambukiza.

Msichana anayenuna tangu tarehe 5 huenda ananuna kwa sababu mshahara wa tarehe 30 hajauona. Kijana anayejibu kwa mkato huenda amesimama tangu saa mbili asubuhi, kiti kipo kimoja, na ni chako. Chakula cha mchana anakipata saa kumi. Akiumwa, siku hiyo inakatwa. Huyo ana madai, na dawa ya madai ni kulipa. Ukimtumia video ya mtu wa suti akihubiri mtazamo chanya, utakuwa umemtukana.

Chukua karatasi uandike manne: analipwa lini, anapumzika lini, anakula saa ngapi, na hasara inakatwa kwa nani. Hilo la nne lina sumu yake. Yapo maduka yanayokata mshahara kwa kila kitu kinachopotea au kuvunjika, bila kuuliza nani kakivunja. Mfanyakazi anayeishi hivyo anamwona kila mteja anayegusa bidhaa kuwa ni hasara inayomjia. Atamfuata nyuma rafu kwa rafu, atamtazama mikono, atamuuliza "unanunua au unaangalia?" Mteja ataondoka akisema yule dada ana kiburi, kumbe dada anachunga mshahara wake.

Ukiijaza karatasi ukaona hudaiwi kitu, na bado mtu ananuna, endelea na namba 7.

7. Mwite pembeni, mwambie jambo moja, la jana

Usimseme mbele ya wateja, wala kwenye grupu la WhatsApp, wala kupitia kwa mwenzake. Na usimwambie "wewe kila siku una kisirani". Hakuna anayejua afanye nini ili kisirani kimtoke ifikapo Jumatatu. Taja tukio: "Dada, jana yule mama mwenye mtoto aliuliza bei ya sare mara mbili, hukumjibu, akaondoka. Kulikuwa na nini?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana mwenye duka ana hotuba yake aliyokuja nayo. Imeze. Unaweza kusikia kwamba mtoto amelazwa, au kwamba yule mama ni shangazi wa mumewe na wana kesi yao ya miaka, au kwamba ni uzembe tu. Kila moja ina jibu lake.

Kwetu ugumu uko kwenye umri. Una miaka 27, umemwajiri mama wa miaka 52 anayepika vizuri kuliko mtu yeyote Tabata, lakini anawafokea wateja kama watoto wake. Ubosi hauondoi shikamoo. Mwamkie kama kawaida, umsogezee kiti, halafu useme: "Mama, kuna jambo moja naomba unisaidie. Wale vijana wa gereji wameacha kuja kwa sababu ya maneno ya juzi. Nataka warudi." Hapo umeomba, umeheshimu, na umelisema. Kosa la vijana wengi ni kuzunguka sana kwa heshima mpaka mama anaondoka akidhani amesifiwa.

Ugumu mwingine ni ukoo, na huo ndio unaovunja biashara nyingi. Mdogo wa mume, mtoto wa shangazi, binti aliyeletwa kutoka kijijini "akakusaidie dukani". Huyo hakuajiriwa, aliletwa. Hana mshahara unaojulikana, ana "kidogo cha mwisho wa mwezi". Analala kwako, kwa hiyo ugomvi wa sufuria ulioanza jikoni saa kumi na mbili asubuhi unafunguliwa tena dukani saa tatu, mbele ya mteja. Ukimkemea, simu imeshapigwa kijijini kabla hujafunga duka, na usiku wifi anauliza kwa upole kuna tatizo gani.

Ndugu naye apewe masharti siku ya kwanza, mbele ya yule aliyemleta: mshahara kiasi gani, siku ya kupumzika ipi, na ikishindikana anarudije na kwa nauli ya nani. Siku hiyo mazungumzo yatakuwa na aibu kidogo. Baada ya miezi minane yatakuwa kikao cha ukoo.

8. Usilee wapelelezi, na mafumbo yasipande stetasi

Kila mahali pa kazi pana mmoja anayeanza na "Bosi, mimi sipendi kusema, ila..." Anapenda sana. Na bosi naye anapenda kusikia, ndiyo maana analetewa. Majungu hayapikwi pasipo mlaji.

Jibu lake ni maswali mawili. La kwanza: "Umeshamwambia mwenyewe?" Akisema hapana, la pili: "Basi tumwite tuyamalize sasa hivi?" Utaona anavyokumbuka kazi aliyoiacha nyuma. Fanya hivyo mara chache tu, habari zitakauka. Ila tofautisha: wizi, kumshika mtu bila ridhaa yake, vitisho, hayo si majungu. Anayekuletea hayo msikilize mpaka mwisho, na umlinde.

Halafu kuna mafumbo. Wanawake wa pwani wamesemezana kwa kanga miaka mingi: mwenye kinyongo na jirani alitafuta kanga yenye maneno yanayomfaa, akaivaa, akapita mlangoni kwake. Ujumbe ukafika, na mara nyingi ukaishia pale pale. Mafumbo ya leo yako kwenye stetasi. Mfanyakazi wako anaandika "Wengine tunanyamaza tu, Mungu anaona", akimlenga mwenzake wa meza ya pili. Wanaosoma ni wateja wote waliohifadhi namba, akiwemo yule aliyebishana bei jana, ambaye sasa ana uhakika kwamba anasemwa yeye.

Kwenye simu ya duka pasiwe na fumbo hata moja. Na sheria hiyo ianze na wewe mwenye duka, maana mabingwa wa "ukimsaidia binadamu atakulipa kwa mateke" mnajulikana.

9. Daftari kwanza, chuma ulete baadaye

Mauzo ya siku hayalingani na bidhaa zilizotoka, na kabla jua halijazama mtu ameshatajwa: yule jirani anayekuja kuomba chenji kila asubuhi, au mfanyakazi mpya mwenye macho mekundu. Chuma ulete hiyo, uchawi wa kuvuta pesa za watu. Sina nia ya kubishana na imani ya mtu. Naomba tu kabla hujamtafuta mtaalamu, utafute kalamu.

Pesa ya duka dogo ina njia nyingi za kutoka. Nauli imetoka droo. Mboga ya nyumbani imetoka droo. Mchango wa send-off, vocha, hela ya ulinzi shirikishi, vyote droo. Bei ya jumla imepanda wiki mbili zilizopita na wewe unauza kwa bei ya zamani. Mteja amekopa kwa mdomo, na aliyemkopesha amesahau. Mteja mwingine amelipa kwa simu kwenda namba binafsi ya kijana wa kaunta, "nitaitoa baadaye bosi".

Daftari la safu tatu linatosha: kilichoingia, kilichotoka, kilichokopwa. Droo ihesabiwe asubuhi na jioni na watu wawili, kila mmoja atie saini. Lipa namba ya duka ibandikwe ukutani, kubwa, na isiwepo nyingine. Na wewe jilipe mshahara, ili mboga iache kutoka droo.

Jambo hili limeingia kwenye makala ya kero za kazini kwa sababu tuhuma ya ushirikina haina pa kurudia. Mtu akishatajwa, hata pesa ikipatikana chini ya katoni, wenzake hawatakula naye tena. Isitoshe Tanzania ina Sheria ya Uchawi tangu enzi za Waingereza, na kumtuhumu mwenzako kwamba ni mchawi kunaweza kukufikisha mahakamani.

10. Mkatisha tamaa mpe kazi

"Hapa haiwezekani." "Fulani alijaribu akafunga." Muulize: "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Akiwa na jibu, huyo ni mali. Mpe kazi ya kupiga hesabu kabla hujachapisha vipeperushi 500 ambavyo nusu vitaishia kufungia vitumbua. Asipokuwa na jibu, mshukuru, endelea na ulichokuwa unafanya.

11. Toa nyongeza, usikimbilie punguzo

Mama wa sokoni anakuuzia fungu la nyanya, anapokea hela yako, ndipo anatupia mbili juu. Zile mbili ndizo zitakazokurudisha. Punguzo la kila wiki linamfundisha mteja kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya uongo, na ataisubiri ya pili. Nyongeza inaiacha bei ilipo. Fundi arudishe kitambaa kilichobaki kikiwa kimeshonwa kilemba. Saluni impe mteja kikombe cha chai ya tangawizi anaposukwa kwa saa nne. Gharama yake ni ndogo kuliko tangazo lolote.

Na ruhusa ya kutoa nyongeza impe mfanyakazi. Mwambie: hadi shilingi 1,000 kwa mteja, amua mwenyewe, andika kwenye daftari. Nyuso nyingi zilizonuna ni za watu wasio na uwezo wa kuamua lolote, ambao kila swali wanalijibu "mpaka bosi aje". Mtu mwenye kitu cha kutoa huwa na sababu ya kutabasamu.

12. Tangaza pesa ikiwepo

Kuanzia tarehe 25 hadi 5, watu wana mshahara. Januari ina ada na sare, na kama huuzi sare, daftari au viatu vyeusi, usipoteze nguvu. Kumi la mwisho la Ramadhani ni la nguo za watoto. Desemba nusu ya wateja wako wa Dar wako njiani kwenda Moshi, Bukoba au Njombe, kwa hiyo wauzie kabla hawajapanda basi: zawadi za wazazi, mashuka, vitu vya kubeba. Julai kuna Saba Saba, barabara ya Kilwa. SIDO, shirika lililoundwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi mikoani na huandaa maonyesho ya wajasiriamali, waulize mapema.

13. Mteja akikutukana hadharani, mjibu mara moja

"Pole sana dada, tumeona. Tunakupigia sasa hivi." Basi. Mpigie kweli. Usifute maoni yake, usimjibu kwa kejeli, na usiwatume ndugu zako waje kukusifia chini yake kwa zamu, watu wanawatambua.

14. Mkishindwana, achaneni kwa utaratibu

Wapo watu ambao umewalipa, umewaita pembeni, umewapa nafasi, na bado wanaifanya kila asubuhi kuwa matanga. Hao waondoke. Lakini "kesho usije" si utaratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inakutaka uwe na sababu ya haki na ufuate hatua, na haisemi kwamba duka dogo limesamehewa. Notisi ni si chini ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi na siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki. Ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7. Anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi siku hizi wanaijua njia. Kwa hiyo onyo liandikwe, tarehe iwekwe, na mazungumzo yenu yawe na karatasi.

Hapa ndipo utakapoona faida ya namba 4. Msusi akihama na simu aliyokuwa akiwapangia wateja miadi, amehama na saluni. Wewe umebaki na vioo. Laini ikiwa ya duka, anaondoka na ujuzi wake, ambao ni halali yake, na orodha inabaki.

Usirushe picha yake mtandaoni ukiandika kwamba si mfanyakazi wenu tena na atakayemlipa shauri yake. Kama hakuiba, unamchafua mtu, na wateja wanaokuona ukimchafua watajiuliza siku yao itakuwa lini. Mlipe chake chote, mpe cheti cha utumishi, muagane. Mteja akimuulizia, mwambie alikohamia. Usipomwambia wewe, atamuuliza mwenyewe kwa WhatsApp kabla hajafika kituo cha daladala.